Afishi Yenye Fremu Nyeusi

Afishi ile, tangazo la kubandika ukutani, ilinichukua siku nne. Siku ya kwanza niliwaza aina ya herufi, ya pili ukubwa wake, ya tatu kama neno "karibuni" liwekwe juu au chini, maana likiwa juu watu wangeweza kudhani tunauza kitu. Siku ya nne mashine ya kuchapa iliishiwa rangi, ukabaki wino mweusi tu, nikakaa saa nzima nikijiuliza kama weusi peke yake hautaonyesha umaskini. Ndipo nikaizungushia picha fremu nyeusi, nene kidogo, ili ionekane kazi ya mtu aliyesoma.

Na kweli nilikuwa nimesoma. Diplome yangu ya chuo kikuu ilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki, chini ya godoro, kwa sababu juu ya kabati panya wangeifikia na ukutani jua lingeifubaza. Kazi sikuwa nayo. Hapa Kolwezi kijana mwenye diplome na asiye na kazi huulizwa kila asubuhi kama ameshapata, na kila anayeuliza ana binamu kwenye kampuni fulani ya mgodi, na binamu huyo hapokei simu. Basi nikajitolea kwenye maktaba ya mtaa: chumba kimoja kirefu nyuma ya shule ya parokia, rafu chache, mabenchi, na madirisha tuliyokuwa tukiyafunga malori ya madini yakipita. Nilipanga vitabu kwa namba. Kisha nikavipanga kwa rangi za migongo yake, nikaona aibu, nikavirudisha kwa namba.

Mwaka ule tulitaka kuwa na asubuhi moja ya simulizi. Mtu wa mtaani aje aeleze maisha yake mwenyewe, watu wasikilize. Kila niliyemuuliza alimtaja mtu mmoja, jirani yetu, mwanamke mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Msimuliaji.

Kusimulia ilikuwa kazi yake, kama mwingine alivyo fundi wa cherehani. Mtu akifa, familia ilimwita kwenye kilio, ndivyo tunavyoita matanga hapa kwetu. Alikaa na wazee jioni moja akiwauliza maswali, mengine ya ajabu: marehemu alilala ubavu gani, alimwogopa nani, alikuwa akikohoa vipi kabla ya kuomba kitu. Kesho yake, kabla ya kwenda makaburini, alisimama mbele ya watu na kuyasema maisha yale tangu kuzaliwa mpaka mwisho. Wengine husoma karatasi. Yeye hakuwahi kushika karatasi. Walimpa kitambaa, kuku, wakati mwingine bahasha, na walikuwa wakimfuata kutoka hata Lubudi. Niliwahi kumsikia akimsimulia mzee mmoja aliyetutesa utoto wetu wote kwa mbwa wake. Nililia. Nilimlilia mpaka mbwa.

Nilipokwenda kumwomba, nilimkuta uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Kwetu nyanya humwita mjukuu wake wa kiume "bwana yangu", na hakuna anayeshtuka. Ni utani wa ukoo. Mimi si wa damu yake, lakini alinipa cheo hicho nikiwa mtoto, na tangu nimalize chuo alikuwa hajaacha kunidai harusi.

"Bwana yangu," alisema bila kuacha mchi, "unakuya kunioa ama kunisumbua?"

Nilimweleza habari ya maktaba. Akatwanga weee, kisha akasema yeye husimulia wafu, kwa sababu wafu hawasahihishi. Mtu aliye hai ana jamaa walio hai, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Nilijua anamsema nani. Alikuwa na binti mmoja, mfanyabiashara wa mahindi na maharage kule Kasaji, ambaye alikuwa hajakanyaga kwa mama yake tangu kilio cha baba yake, miaka minne sasa. Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimekaa chini ya turubai na wenzangu. Marehemu alikuwa fundi wa umeme kwenye bwawa la Nzilo, mtu mwema na mwenye haya kupita kiasi. Mgeni akibisha mlango wa mbele, yeye alitoka wa nyuma. Mtaa mzima ulilijua hilo na ulimpenda nalo. Lakini mkewe aliposimama kumsimulia, alisema: "Alikuwa mtu wa watu. Mlango wake haukufungwa." Majirani wakaangalia viatu vyao. Maneno hayo hayo tulikuwa tumeyasikia wiki iliyotangulia, kwa yule mzee wa mbwa.

Binti alisubiri baba yake azikwe. Kisha akamwambia mama yake, mbele ya wote na kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba huyo aliyesimuliwa hamjui, akachukua mfuko wake na kupanda kamyo la kurudi Kasaji. Tangu siku hiyo simu za mama yake hazipokei.

Mama Msimuliaji alikubali kuja maktabani kwa sharti moja. Binti yake akae benchi la mbele. Akiwepo, atasimulia maisha yake, na marehemu mumewe jinsi alivyokuwa. Asipokuwepo, niwasomee watu vitabu vyangu. Akanipa namba ya simu ya binti, akarudi kwenye sombe yake.

Niliandika ujumbe wa kwanza mara tatu. Ule wa heshima ulionekana wa mwombaji kazi. Ule mfupi ulionekana wa polisi. Nilituma wa kati, sikujibiwa. Nikatuma mwingine wa kueleza ule wa kwanza. Kimya. Nikajisemea labda akiiona afishi yenyewe, yenye picha ya mama yake, moyo utalegea. Ndiyo sababu nikaifanyia kazi siku nne.

Ilipokuwa tayari nilimpelekea Mama Msimuliaji aikague. Picha ilikuwa ile ya kadi yake ya kupigia kura, na kwenye picha za kadi hizo hakuna anayecheka. Chini ya fremu niliandika: "Maisha ya Mama yetu Msimuliaji: kuzaliwa kwake, masomo yake, ndoa yake na kazi yake." Chini zaidi, badala ya "karibuni": "Jumamosi, saa tatu asubuhi, maktaba ya mtaa. Familia, majirani na marafiki wote mnaombwa kufika." Aliishika kwa mkono ulionyooka, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akaitazama muda mrefu mpaka nikaanza kujutia herufi. Mwishowe akasema ni nzuri sana, nisibadilishe kitu, na niitume mpaka Kasaji.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mwenye mshahara. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisibadilishe kitu.

Niliituma Alhamisi jioni kwa binti na kwa kila mtu niliyekuwa na namba yake, kisha nikabandika nyingine kwenye mlango wa maktaba, ukuta wa parokia, sokoni na kwa muuza dawa. Usiku ule umeme ulikatika, simu ikazima, na Ijumaa nzima haukurudi. Niliona ni heri. Simu isiyowaka haileti majibu mabaya.

Jumamosi nilifika mapema mno. Nilipanga mabenchi kwa mistari, nikaona yanafanana na darasa. Nikayapanga kwa duara, nikaona watatazamana. Nikaishia nusu duara. Wa kwanza kufika walikuwa akina mama wawili wa kwaya, vikwembe vimefungwa kiunoni, vitambaa kichwani, na beseni la unga wa mahindi. Nikawaza: wamefikiria chakula, vizuri. Akaja tata mmoja, ndivyo tunavyomwita mwanamume mzima, na gunia la makala, yaani mkaa, kwenye baiskeli. Nikawaza: wamefikiria na moto. Wakaja wengine na viti vya plastiki, sukari, bitoyo, wale samaki wakavu wa chumvi, ndoo za maji. Wanaume wakajipanga upande mmoja, wanawake wakatandika mikeka upande wa pili, na nusu duara yangu ikasukumwa ukutani. Kwaya ikaanza wimbo, chini chini. Nilifurahi kwamba maktaba hatimaye imepata wasomaji.

Tata mwenye koti jeusi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia pole sana. Nikamshukuru, nikidhani ananipa pole ya kukosa kazi. Nilikuwa nimezipokea nyingi.

"Na mwili," akauliza, "unafika saa ngapi?"

Niligeuka nikaitazama afishi yangu mlangoni. Kila mtu wa Kolwezi, hata asiyejua kusoma, anajua maana ya karatasi nyeupe yenye picha ndani ya fremu nyeusi, na chini yake maisha ya mtu, na chini ya maisha saa na mahali. Nimeziona karatasi hizo kwenye kila ukuta tangu nizaliwe. Kwa siku nne nilikuwa nimefikiria kila kitu, isipokuwa kutazama nilichokuwa nimekitengeneza.

Nilianza kupima madirisha, lipi mtu wa kimo changu anaweza kupita. Kabla sijaamua, pikipiki ikasimama kwenye geti la shule. Akashuka mwanamke mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na mfuko wa maharage begani. Sauti ya kilio ilimtangulia. Alikuwa ameketi juu ya mizigo ya kamyo siku nzima kutoka Kasaji, akamalizia kwa pikipiki. Akina mama wa kwaya wakamkimbilia, wakamshika huku na huku, naye akaketi chini katikati ya uwanja, miguu imenyooka, akimwita mama yake.

Mama yake akaingia kwa geti lile lile. Alikuwa amevaa kikwembe kipya na kubeba chupa ya chai.

Kwaya haikukatika mara moja. Iliisha sauti moja moja, ya besi ikiwa ya mwisho, maana yule mwimbaji alikuwa amefumba macho. Beseni la unga likaanguka. Binti akainua uso.

"Mama," alisema, "weye haukufa?"

"Bado," Mama Msimuliaji akajibu. "Unataka nirudi ku nyumba nijaribu?"

Sijui nani alicheka kwanza. Nadhani ni tata wa baiskeli. Kikapita kicheko kirefu cha watu waliokuwa wamezuia machozi, kisha, kikiwa hakijaisha, wote wakaanza kumtafuta aliyewaleta. Tata wa koti jeusi aliibandua afishi mlangoni, akauliza imetoka mikononi mwa nani. Mama Msimuliaji akanionyesha kwa kidevu.

"Njo huyu bwana yangu," alisema. "Alisoma sana."

Nilieleza habari ya wino. Nilieleza kwamba rangi ya bluu ilikuwa imepangwa, na kwamba fremu kwa kawaida ni pambo. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama chuoni tulikuwa tukizika watu. Mwingine akasema niachwe, maana ametafuta nafasi ya kuvaa kikwembe kile tangu Pasaka. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwomba binti msamaha, na nilikuwa nimefika kwenye utangulizi, aliponyoosha mkono akitaka karatasi.

Aliisoma toka juu mpaka chini, akiwa bado amekaa mavumbini. Mtu huyu alikulia kwenye vilio. Alikuwa akimbebea mama yake mfuko tangu akiwa na umri wa kwenda shule. Akaangalia fremu, akaangalia picha, akaangalia maneno "mnaombwa kufika". Akamtazama mama yake.

"Mama, hii karatasi ulikuwa umeiona mbele ya kuituma?"

Mama Msimuliaji akasema miwani yake ilikuwa imepotea.

"Mama."

"Niliiona," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilishuka. "Nilijua. Ningefanya nini? Simu haupokei. Weye unakuyaka tu kwa kilio."

Nilisimama pale na kosa langu, na ghafla halikuwa langu tena. Ningependa kusema nilipata nafuu. Ukweli ni kwamba niliona wivu kidogo, maana ndicho kitu changu cha kwanza kilichofanya kazi, nacho kilikuwa kimechukuliwa.

Binti alisubiri lori lipite mpaka barabara kuu. Kisha akasimama, akajipangusa, akavuta benchi kutoka ukutani, akaliweka mbele kabisa na kuketi, mfuko wa maharage mapajani.

"Simulia," alisema. "Lakini ukisema mulango, natoka."

Basi Mama Msimuliaji akasimulia, akiwa amesimama kati ya rafu ya kamusi na rafu ya dini. Alizaliwa Lubudi, karibu na reli, na baba yake aliwaita watoto kula kwa mluzi, hivyo mpaka leo akisikia treni hupata njaa. Alisoma kwa masista mpaka walipomfukuza kwa kuongea, na aliitaja siku hiyo kama mwanzo wa kazi yake. Watu walimwitikia kama kwenye kilio, eee, eee, na wazee wa upande wa wanaume walitikisa vichwa kwa huzuni iliyozoeleka, kisha wakakumbuka kwamba yuko hai, wakaacha, kisha wakasahau tena.

Halafu akafika kwa mumewe.

"Mume wangu," alisema, "alikuwa mtu."

Sote tulikijua kipande kinachofuata. Tulikuwa tumekisikia kwa wafu wa mitaa mitatu. Binti alishika mfuko wake kama mtu anayejiandaa kunyanyuka. Sijawahi kumwona Mama Msimuliaji akitafuta neno. Mikono yake, ambayo siku zote ilisema nusu ya habari, ilining'inia tu.

"Alikuwa mtu wa kujificha," akasema.

Akaendelea polepole. Siku ya ndoa yao alisema ndiyo kwa sauti ndogo hata padri akamwuliza mara ya pili, naye akadhani amekosea jibu. Aliipenda kazi ya Nzilo kwa sababu maji ya bwawa yana kelele, na kwenye kelele ile hakuna mtu anayelazimika kuongea. Wageni wakija, alitoka na kiti chake kupitia jikoni, akaketi nyuma ya nyumba na redio mbovu, akiitengeneza hata ilipokuwa nzima. Siku moja padri alikuja kuwatembelea akakaa mpaka chakula cha mchana, na yeye akasimama kwenye mahindi muda wote huo.

"Hapana mu mahindi," binti alisema kutoka benchini. "Nyuma ya kabati. Mi njo nilimupelekea bukari."

Mama yake akamgeukia. "Nyuma ya kabati?"

"Na akaniomba maji. Kwa kidole."

Watu wakacheka, na Mama Msimuliaji akasahihisha: nyuma ya kabati. Kuanzia hapo walisimulia wawili, mmoja akianza na mwingine akirudisha nyuma, viatu vilikuwa vyeusi, hapana, kahawia, na hakuna aliyeuliza tena ni nani aliyealikwa kusimulia. Nilitakiwa kuandika kumbukumbu za shughuli. Kwenye daftari langu ukurasa ule una neno moja, "kabati".

Karibu na mwisho binti alisema kitu bila kumtazama mtu. Alisema alfajiri baba yake alipokuwa akienda kazini, alipita kitandani kwake akagonga ubao mara mbili, taratibu. Hakusema neno. Yeye naye aligonga mara mbili kutoka ndani ya blanketi, ndipo baba akaondoka. Miaka yote, mpaka alipoolewa Kasaji.

Mama Msimuliaji alikaa. Alikaa kwenye ngazi ndogo ninayotumia kufikia rafu za juu.

"Hiyo sikuijua," alisema.

"Haukuniuliza. Kwa kilio ya bengine unauliza kila mutu, mpaka bajirani. Kwa baba haukuuliza hata mi."

"Nilizani namujua."

Hakuna aliyeitikia eee. Tata wa koti jeusi alivua kofia ambayo angepaswa kuivua mlangoni.

Vitu vilivyoletwa kilioni havirudishwi nyumbani, hata mfu akiwa anakunywa chai. Basi makala yakawashwa uani, unga ukasongwa bukari, maharage ya Kasaji yakachemshwa, na mpaka leo vitabu vya rafu ya chini vina harufu ya bitoyo. Wasomaji hawajalalamika. Tata wa koti jeusi alikula sahani mbili, akanifuata na kuniagiza afishi ya sikukuu ya kuzaliwa kwake. Akataka picha ile ile iliyo kwenye kadi yake, lakini fremu iwe nyekundu, na niandike wazi wazi kwamba yuko hai. Akina mama wa kwaya walikubaliana kwamba nioe upesi, kabla sijatengeneza kitu kingine.

Watu walipopungua niliwakuta mama na binti ndani, kwenye lile benchi la mbele. Afishi ilikuwa kati yao. Binti alikuwa akiikunja mara nne, akiibana kingo kwa ukucha.

"Naiweka," alisema. "Siku yenyewe ikifika, mi njo nitasimulia."

"Utasema nini?"

"Nitasema ulikuwa mutu wa batu. Mulango wako haukufungwa."

Mama Msimuliaji alicheka mpaka akamshika bega. Alipotulia, alijifuta macho kwa pembe ya kikwembe chake, akakaa sawa, mikono mapajani, kama wanavyokaa wazee anaowahoji.

"Apana," alisema. "Weye uniulize kwanza. Sasa, nikiwa naweza kujibu."

Binti akafikiri. Kisha akamwuliza hulala ubavu gani.

Nilikuwa mlangoni na vikombe viwili vya chai. Nilifikiria sana kama niingie wakati ule au nisubiri, na kama nikisubiri, mpaka lini. Nilipoamua, chai ilikuwa imepoa. Waliinywa hivyo hivyo.